Kumwonyesha Mgeni Soko

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu msomaji, mgeni akipiga hodi mlangoni kwako jioni, wajua la kufanya. Utampa maji ya kunawa, chakula, na mkeka wa kulala. Hayo tumerithi kwa wazee wetu, na alhamdulillahi hayajatutoka. Lakini akikwambia asubuhi, "Nina kazi ya mikono, nijulishe kwa watu," utamjibu nini? Hapo ndipo wengi wetu husita, na mimi ni mmoja wao.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia hapa Tanga kijana kutoka Kasulu, nyanda za juu za Kigoma. Fani yake ilikuwa kuandika: vibao vya maduka, na khati za Kiarabu alizofunzwa chuoni kwao. Hakuwa na jamaa mjini. Nikamlaza chuoni siku saba, akala tulichokula. Siku ya nane akaniomba nimpeleke kwa watu wa msikiti mmoja waliokuwa wakitafuta mtu wa kupamba mihrabu. Nikamwambia, "Mwanangu, muombe Mungu, usiombe watu." Akaitikia kwa adabu, "Naam, sheikh wangu."

Maneno yale yalikuwa mazuri masikioni, lakini nyuma yake palikuwa na mambo mawili niliyoificha hata nafsi yangu. Nilichelea kwamba akiharibu kazi nitaaibika mimi. Na nilikuwa na mpwa wangu anayeshika brashi. Kazi ikaenda kwa mpwa wangu. Kijana wa Kasulu nikamkuta sokoni akibeba magunia. Akanisalimu kama siku zote, na salamu ile ilinichoma kuliko lawama.

Basi tuulize: mtu aliyehamia mji mgeni akatafuta kujuana na watu ili apate kazi ya fani yake, je, hiyo ni tamaa? Na mwenyeji ana dhima gani juu yake?

Tukirejea kwa wema waliotangulia twapata jawabu. Masahaba walipohama Makka kwenda Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu wageni na wenyeji. Abdur-Rahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, na Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamuombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na jibini na samli. Sisi twapenda kumsifu kwa kuikataa ile mali, na ni haki yake. Lakini tazama vizuri: aliikataa nusu ya mali, hakukataa kuongozwa. Na Saad hakumwambia, "Omba Mungu tu." Alimwonyesha soko.

Vilevile Qur'ani, katika Suratun Nisaa, yatufahamisha kwamba mwenye kuombea wengine uombezi mwema hupata fungu lake katika wema huo, na mwenye kuombea uovu hubeba sehemu yake ya uovu. Kumpeleka mtu kwa mwenye kazi ni uombezi wa namna hiyo.

Atasema mtu, "Sheikh, huko si ndiko kupeana kazi kwa kujuana, jambo lililoharibu nchi?" La, ndugu yangu, tupambanue. Uombezi mwema humfungulia mtu mlango ili kazi yake ionekane, kisha kazi yenyewe ijisemee. Upendeleo huwafungia wengine mlango ili kazi zao zisionekane kabisa. Na ukipokea kitu ili ufungue mlango, hiyo ni rushwa, na laana yake waijua. Mimi nilijidhania najiepusha na kazi za kujuana, kumbe ndizo nilizokuwa nikizitenda: nilimfungia mgeni, nikamfungulia mpwa wangu.

Nasi watu wa Tanga tuna deni la zamani kwa watu wa kule. Mkonge ulipoletwa nchi hii mwaka 1893 na mashamba yakaenea, Waha wengi kutoka Kasulu na Kibondo waliletwa kuukata. Tukawaita manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa namba. Wengine walikaa karibu yetu miaka na miaka, nasi hatukujua majina yao. Na hali Mwenyezi Mungu, katika Suratul Hujurat, ametubainishia kwamba alitufanya mataifa na makabila ili tujuane.

Kisha angalia mambo yalivyogeuka. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa upande wa Kasulu kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi zaidi ya 100,000 waliingia nchini, wengi wakapokewa huko Nyarugusu na Nduta, upande wa Kibondo. Ardhi ya watu wale ikabeba wageni, na kuni zao na maji yao wakashirikiana nao. Mtoto wa nchi iliyopokea watu wengi hivyo akija kwetu peke yake na brashi yake, twashindwa hata kumtaja jina kwa jirani?

Tazama pia habari za Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Masala ya kuchora vyenye roho wanazuoni wameyaeleza, sitayaingia hapa. Nasema tu kwamba aliwafunza jamaa zake, na alipofariki mwaka 1972 wao walikwisha kupata njia ya kula.

Nawe kijana uliyehama, sikia. Jitambulishe kwa jina lako na kwenu, usione haya kusema Kasulu. Chukua mfano wa kazi yako, usichukue sifa za mdomo. Usimpende mtu kwa kazi atakayokupa, kisha ukampita njiani ukishaipata. Na ukishatulia mjini, mkumbuke atakayeshuka kwenye basi baada yako.

Nawe mwenyeji, kumjulisha mtu ni kutoa ushahidi. Itazame kazi yake kwanza, kisha useme ulichokiona, usizidishe wala usipunguze.

Mimi nilimfuata yule kijana sokoni, nikamtaka radhi, nikampeleka kwa wenye maduka watatu. Wawili walikataa, mmoja akampa kibao kimoja. Alinisamehe. Lakini kila nisalipo katika msikiti ule, macho yangu huiona mihrabu, nami hukumbuka kwamba hakupata hata nafasi ya kuonyesha mkono wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema wa waja wake. Amin.