Kadari na Ajali za Kazini

Kijana akikatwa vidole katika mashine ya kusaga, mwenye mashine mara nyingi hutangulia kusema: "Imeandikwa." Lakini mkanda ule, uliokuwa wazi tangu mashine ilipofungwa, ni nani aliyeuacha hivyo? Kadari ni sehemu ya imani yetu, wala hatukupewa iwe pazia la uzembe.

Katika Sura Al-Baqarah Mwenyezi Mungu anatukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu wenyewe. Watu wengi huikumbuka nusu hii, wakasahau kwamba amri inayoitangulia ni ya kutoa mali. Hapa ndipo penye ugonjwa. Kinga ya mkanda ni vipande vya chuma na wavu, kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Tunaiahirisha mwaka hata mwaka kwa sababu haileti faida ya kuhesabiwa jioni.

Wengine hununua glavu, wakadhani wamemaliza wajibu. Karibu na kitu kinachozunguka glavu yaweza kunaswa na kuuvuta mkono mzima, kama zinavyonaswa kanga na mikono mipana ya kanzu. Kwanza hatari yenyewe iondolewe. Isipowezekana, izuiwe isimfikie mtu. Vazi la kujikinga lije mwisho. Wala nafaka iliyokwama isitolewe kabla mashine haijazimwa na kusimama kabisa. Kwa seremala, adui ni vumbi: wataalamu wamekwisha thibitisha kwamba vumbi la mbao huweza kuleta saratani ya pua. Basi karakana ipitishe hewa, na sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu hili. Lakini kabla ya sheria hiyo, Mtukufu Mtume s.a.w. alikwisha fundisha kwamba watumishi ni ndugu zetu, wasibebeshwe wasiyoyaweza, na wakibebeshwa wasaidiwe.

Tena katika biashara ndogo mfanyakazi huwa ni mpwa, au mtoto wa jirani aliyeletwa kwa hisani. Huyo hatakwambia kwamba anaogopa; adabu humfunga kinywa, na ujira pia. Kwa hiyo wewe ndiwe wa kuanza. Mwite asubuhi kabla mashine haijawashwa, umwombe akuonyeshe mahali anapoogopa kupeleka mkono.