Hiyo Alama Mguuni ni ya Nani?

Wiki hii tuangalie swali ambalo vijana wetu wanauliza, hasa wale wa mazoezi: mtu aliyeokoka akimaliza mbio ndefu, anaweza kuchorwa tatuu ya kukumbuka siku hiyo? Wengi wetu jibu liko mdomoni hata kabla swali halijaisha. Lakini hebu tusikimbie. Tuanzie kule ambako jambo hili limekuwa desturi kabisa.

Kuna mashindano yanayoitwa Ironman, yaani mtu wa chuma. Ni triathloni, michezo mitatu kwa siku moja. Unaogelea kilomita 3.8. Ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, ambayo kwa sisi wa huku ni zaidi ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Ukishuka kwa baiskeli, na miguu imeshaisha, ndipo unaanza marathoni nzima, kilomita 42.2. Kwa kawaida umepewa saa 17. Ukivuka mstari kabla hazijaisha, mtangazaji anaita jina lako mbele ya watu na kusema kwamba sasa wewe ni Ironman. Baada ya hapo wengi huenda kwa mchoraji wakachorwa alama ya mashindano hayo: herufi M iliyowekwa nukta juu, ukiitazama haraka inafanana na mtu mwenye kichwa na mabega. Wengi huiweka kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti. Mwenye mguu mwenyewe haioni akiwa anakimbia. Anayeiona ni yule aliye nyuma yake.

Hiyo peke yake ingetosha kuhubiriwa, lakini twende pole pole.

Mashindano haya yalianza tarehe 18 Februari 1978, kisiwa cha Oahu huko Hawaii. Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, walitaka kumaliza ubishi wa wanamichezo: nani ana nguvu zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Wakaunganisha mashindano matatu ya pale kisiwani yakawa moja. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alikuwa wa kwanza kwa saa 11 na dakika 46 na kitu. Aliyemfuata, John Dunbar, alikuwa mbele yake kwa muda, lakini watu wake wa kumsaidia waliishiwa na maji wakampa pombe. (Hapo sisemi kitu, kila mtu ajihubirie.) Sasa sikia hili. Kwenye karatasi za maelezo walizopewa wale wa kwanza, Collins aliwaandikia umbali wote watakaokwenda, halafu akaongeza kwamba wakimaliza watakuwa na la kujisifia maisha yao yote. Aliliandika kwa utani. Lakini watu walilichukua kwa uzito, na ndiyo hiyo tatuu. Majisifu ya siku moja yameandikwa pahali pasipofutika.

Katika mashindano mengi ya aina hii, asubuhi kabla ya kuanza, washindani huandikwa mwilini kwa kalamu nene: namba yao mkononi, na mara nyingi umri wao nyuma ya mguu. Ni wino wa kawaida. Unaoga, unasugua kwa sabuni, kesho yake umeenda. Kwa hiyo mguu ule ule ulioandikwa na wasimamizi kwa siku moja, mwenyewe anarudi kuuandikisha kwa maisha yote. Kwa nini ule wino wa kwanza haukutosha?

Sasa wacha nijibu wale ambao wameshafungua Mambo ya Walawi 19:28. Ni kweli, mstari huo unakataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini. Lakini soma pia mstari ulio juu yake, ule wa 27, unaokataza kunyoa pembe za kichwa na kingo za ndevu, kisha uangalie wazee wetu walioketi mstari wa mbele Jumapili. Wanyozi wetu wana kazi nyingi kila Jumamosi na hakuna aliyewekwa chini ya nidhamu. Sisemi mstari wa 28 hauna maana. Una maana sana: Waisraeli walikuwa wametoka kati ya watu waliojitia alama kwa ajili ya wafu na miungu yao, na Mungu aliwaambia mwili si ubao wa kuandikia kila bwana anayepita. Nasema tu kwamba ukimpiga kijana kwa mstari mmoja na mwingine ukauruka, kijana anaona. Tena Isaya 44:5 anamtaja mtu atakayeandika mkononi mwake kwamba yeye ni wa Bwana, na Isaya hasemi hapo kwamba ni dhambi. Kwa hiyo swali si wino tu. Swali ni alama inasema nini, na inasema wewe ni wa nani.

Hapo kwa "wa nani" ndipo mimi nashindwa kuwaelewa hawa wa Ironman. Ile M yenye nukta si ishara ya watu wote kama moyo au ua. Ni chapa ya biashara, ina mwenyewe. Mwaka wa 2015 kampuni ya Kichina ya Wanda iliinunua kampuni yenye mashindano hayo kwa dola milioni 650. Mwaka wa 2020 ikauzwa tena, ikaenda kwa kampuni ya Marekani inayoitwa Advance. Fikiria basi. Mtu alichorwa mguu wake mwaka wa 2010, na tangu hapo chapa iliyo kwenye mguu huo imeuzwa mara mbili, na mguu haukuulizwa. Kwetu tunajua maana ya chapa. Ng'ombe akipigwa chapa, ni ili akipotea ajulikane boma lake. Ng'ombe hajivunii chapa. Mwenye ng'ombe ndiye anayeitegemea.

Kuna muogeleaji Mwingereza, Josef Craig, aliyeshinda dhahabu kwenye Olimpiki ya walemavu ya London mwaka wa 2012. Alikuwa na tatuu ya pete za Olimpiki kifuani. Mwaka wa 2016, kwenye mashindano ya Ulaya huko Ureno, aliogelea bila kuifunika, na wasimamizi wakamwondoa. Walisema ni kama tangazo mwilini. Wengi walimwonea huruma, na mimi pia. Ameweka pete zile kwa upendo wa mchezo, halafu zile pete zikamtoa kwenye mchezo. Lakini inaonyesha kwamba ukijiandika jina la mwingine, mwingine naye ana neno la kusema juu ya mwili wako.

Hata hivyo, mpendwa, usidhani upande wa pili hauna hoja. Wapo waliofika kwenye mbio hizo wakitoka kwa ulevi, au kwa ugonjwa, au kwa kufiwa na mtoto, na kumaliza kulikuwa ndiyo siku ya kwanza miili yao iliwatii baada ya miaka. Mtu kama huyo akisema, sitaki kusahau, utamwambia nini? Kusahau ni hatari ya kweli. Ndiyo maana Yoshua aliambiwa watoe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani wakayasimamishe Gilgali. Na soma Yoshua 4 vizuri. Mawe yalikuwa ya kuulizwa. Watoto wataona, watauliza haya ni nini, na baba atasimulia. Tatuu nayo ni ya kuulizwa, tusidanganyane. Kwa hiyo mimi nikipewa nafasi ya kumuuliza kijana swali moja tu kabla hajaenda kwa mchoraji, ni hili: mtu akikuuliza hiyo ni nini, sentensi yako ya kwanza itaanza na "mimi" au itaanza na nini? Kwa sababu kuna jiwe lingine kwenye Biblia. Sauli baada ya kuwapiga Waamaleki alikwenda Karmeli akajisimamishia ukumbusho wake mwenyewe, 1 Samweli 15:12. Mawe ni mawe. Lakini wakati Sauli anajisifu, kondoo aliotakiwa asiwaachie walikuwa wanalia nyuma yake, na Samweli akawasikia.

Na tukiwa hapo, si haki kujifanya kwamba alama za mwilini ni mambo ya wazungu. Wazee wetu walizijua. Waluo waling'olewa meno sita ya chini, na mtu akifungua kinywa unajua amevuka. Wamaasai na Wakalenjin walitoboa masikio wakayavuta. Makanisa mengi yalipokuja yaliwaambia watu waache, na wengi waliacha kwa imani. Sirudishi hayo. Lakini kuna tofauti ambayo inanisumbua. Zile alama hukujipa. Ulipewa na watu, nao siku hiyo walikuwa wanakuambia kazi: sasa utachunga, utalinda, utaoa, utazika. Ilikuwa alama ya deni. Hii ya mashindano unajinunulia mwenyewe, na haikudai kitu kesho. Unaweza kulala miaka ishirini, uwe mzito hata kupanda ngazi za kanisa ni shida, na mguu bado unasema wewe ni chuma. Je, alama inasema kweli au inasema ulikuwa?

Halafu tuwaangalie wale ambao hawachorwi. Mtu aliyefika kwa saa 16 na dakika 59 ni Ironman. Aliyefika dakika mbili baadaye si Ironman. Walifanya mazoezi sawa, walilia sawa. Pengine huyu wa pili alisimama kumshika mtu aliyekuwa akitapika. Mstari wa saa lazima uwepo, mashindano bila saa ni matembezi. Lakini mstari wa saa haupimi mtu, unapima saa. Ukiuchora mwilini kana kwamba umepima mtu, unamhukumu mwenzako bila kujua. Na huko kwenyewe hawaachani: wapo wanaobishana kama aliyemaliza ile ya nusu, ya maili 70.3, ana haki ya kuvaa M ileile. Wakristo tunaweza kucheka, lakini na sisi tunapimana hivyo hivyo. Nani alifunga siku 21, nani alifunga tatu. Nani alinena, nani bado.

Mwanamke mmoja, Julie Moss, Februari 1982, alikuwa anaongoza wanawake huko Hawaii. Karibu na mwisho mwili ulikataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Hatua chache kabla ya mstari Kathleen McCartney alimpita, na Julie akamaliza kwa kutambaa, nyuma yake kwa sekunde 29. Watu waliona kwenye televisheni, na wengi wakaanza mchezo huo kwa sababu yake. Jina linalokumbukwa zaidi ni la aliyeshindwa akitambaa. Paulo akimalizia Wagalatia 6 anasema hatajivunia kitu ila msalaba, halafu anasema ana alama mwilini mwake. Zile alama hakuziagiza dukani. Ni za mawe na fimbo alizopigwa akiwa kazini. Nafikiri Julie angemwelewa.

Na yuko mwingine. Dick Hoyt wa Marekani alikuwa na mtoto, Rick, ambaye tangu kuzaliwa hakuweza kutembea wala kusema kwa kinywa. Baba alimvuta kwenye mashua akiogelea, akambeba mbele ya baiskeli, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka wa 1988 walijaribu Ironman ya Hawaii wakashindwa kwenye kuogelea, muda uliwaishia. Mwaka wa 1989 wakarudi, wakamaliza kwa saa 14 na dakika 26. Sasa niambie, kati ya hao wawili, alama ni ya nani? Ya miguu iliyofanya kazi? Lakini baba hakuwa akikimbia kabla mtoto hajamwomba. Na kwa kuwa kiti husukumwa kutoka nyuma, aliyevuka mstari kwanza ni yule asiyeweza hata kuinua mkono.

Kwa hiyo kijana akija kuniuliza, sitamwambia ataenda jehanamu kwa wino. Nitamwambia asubiri mwaka mmoja. Kama baada ya mwaka bado anataka, aniambie atachora nini: jina la kampuni, namba ya saa zake, au kitu ambacho mama yake akikiona atajua ametajwa. Wengine wakishasubiri hivyo hutosheka na medali ukutani, na hiyo inaweza kutolewa wageni wakija.

Na kwa wale ambao tayari wamechorwa na sasa wanakuja kanisani na soksi ndefu hata wakati wa joto, ndugu zangu wa ulinzi wa mlangoni, msiwaangalie miguu. Muulize tu alikimbia wapi, na ilikuwaje kilomita ya mwisho. Kuna hadithi pale, na huenda hajapata mtu wa kumsimulia.