Chungu Kikitelekwa, Ngano Ianze

Wanangu na wajukuu zangu wa Mocímboa da Praia, mlio mjini na mliotawanyika Pemba, Palma, Mueda, Montepuez na ng'ambo ya Ruvuma, Wamwani, Wamakonde na Wamakua, nisikilizeni. Nimekula chumvi nyingi, na mtu wa umri wangu akikaa na neno moyoni bila kulitoa, amewadhulumu wenye haki nalo. Neno langu ni moja: msiache ngano zikatengana na chungu. Chakula chetu na hadithi zetu vimelelewa jiko moja. Mkishika kimoja mkakiacha kingine, hicho mlichokishika nacho kitawaponyoka.

Bibi zetu walipima urefu wa ngano kwa chungu. Samaki wa kuchoma alikuwa na kisa kifupi. Kisamvu, ambacho wengi hapa wanakiita matapa, kilikuwa na kisa kirefu, maana ni kazi ya jioni nzima. Majani yatwangwe kinuni mpaka yalainike, yachemshwe hasa, nazi ikunwe, tui jembamba litangulie, karanga zilizotwangwa zifuate, kamba au kaa watiwe, na tui zito liingie mwisho. Muda wote huo watoto wana njaa, na mtoto mwenye njaa asiye na shughuli hulia au hugombana na wenzake. Basi mpishi huku akikoroga husema, "Paukwa!" nasi tunaitikia, "Pakawa!" na njaa inaanza kusubiri. Mchana tulikatazwa kusimulia. Mchana ulikuwa wa shamba, wa nyavu, na wa kuchokoa pweza maji yakitoka siku za bamvua. Ngano ilikuwa ya usiku, na usiku ulikuwa wa jikoni.

Ndiyo sababu ngano zetu zimejaa chakula. Sungura anapanda mbuyu kuiba asali ya Simba. Kima anamrushia Papa matunda ya mkuyu mpaka wanakuwa marafiki, kisha Papa huyohuyo anambeba mgongoni ili moyo wa Kima uwe dawa ya mfalme. Sikilizeni vizuri mtaona kwamba msimuliaji hamhukumu mtu kwa maneno yake, wala kwa nguo zake. Humhukumu kwa namna alivyokula, alivyogawa, na alivyokumbuka nani alimlisha.

Chukueni ngano ya Sultani Darai. Kisa hiki kimesafiri na majahazi ya pwani hii yote, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Unguja, alikiandika na kukichapa London mwaka 1870. Hamdani ni maskini anayepekua jaani akitafuta punje za mtama za kutia kinywani. Siku moja anapata thumni, ananunua paa mdogo, na watu wanamcheka: huna cha kula, utamlisha nini mnyama? Paa anajilisha mwenyewe porini, anaokota almasi, anamtafutia bwana wake mke wa kisultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia jumba. Kisha paa anaugua. Anaomba apikiwe kitu cha kumpa nguvu. Bwana wake, ambaye sasa hajui tena jaa lilipo, anaagiza apewe uji wa nafaka hafifu. Mkewe anamkanya, hasikii. Paa anakufa, na Hamdani anaamka siku moja yumo jaani, anapekua punje kama zamani.

Hakunyang'anywa jumba na jeshi. Alilipoteza kwa bakuli moja la uji. Nataka kila kijana wa Mocímboa akijue kisa hiki kwa moyo, kwa sababu sisi ni watu tuliolishwa. Mji wetu ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na haukukombolewa mpaka tarehe 8 Agosti 2021. Katika miezi ile watu wa pwani hii walimiminika kwa mashua katika ufuo wa Paquitequete, Pemba, na mimi ni miongoni mwa waliopokelewa. Wengi wetu hatukulala kambini. Tulilala katika nyumba za jamaa na za watu tusiowajua, nyumba ndogo zilizolaza koo nzima, na sufuria ya watu sita ikawatosha ishirini kwa sababu mwenye nyumba alikubali kushiba nusu. Mkoa wetu mzima ulikuwa na wakimbizi wa ndani waliokaribia milioni moja, na wengi wao walishikwa mkono na watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu.

Basi wanangu, mliorudi mkajenga, mkapata mashua au kibanda cha biashara, kumbukeni paa wenu. Akifika mtu kutoka nyumba iliyowahi kuwalisha, asile makombo kwenu. Mpeni samaki wa juu. Na akifika mgeni msiyemjua, anayekimbia kama mlivyokimbia nyinyi, mjue kwamba mlango wenu sasa ndio Paquitequete yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee, na ngano ya Hamdani ipo kwa ajili hiyo: ili mwenye shibe alazimike kumjua.

Kipo kisa kingine ambacho mji huu una haki ya kukisimulia kwa uzito kuliko miji mingine. Ni cha Nunda, mla watu. Alianza kuwa paka wa Sultani. Akamla ndama, Sultani akasema, paka wangu na ndama wangu, mwacheni. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala ngamia, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Alipoanza kuwala watoto wa watu bado Sultani hakustuka, mpaka siku alipowarukia wanawe mwenyewe. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sisi tunajua maana yake. Wapo masheikh walioonya mapema kuhusu vijana waliokuwa wakiwakana wazazi na kujitenga na misikiti, na onyo lao halikupata masikio ya kutosha mpaka mji ukashambuliwa.

Lakini angalieni Nunda alianzia wapi: alianzia kwenye kula kisicho chake. Kwa hiyo nawausia mkatae uovu ukiwa bado mdogo, ukiwa bado unaonekana ni jambo la chakula tu. Mtu anayepunguza kopo moja la maharage katika posho ya wajane, msiseme ni mwenzetu, mwacheni. Anayepima mchele kwa kibaba kilichobonyezwa, mwambieni mbele ya watu. Jambo la kopo linazungumzika. Likishakuwa nunda, linataka damu.

Na mjue nani alimuua Nunda. Ni kijana aliyedharauliwa na baba yake, Sultani yuleyule, kwa kuwa alikaa jikoni, wakamwita Mkaa Jikoni. Ndugu zake walipolinda mtende wa Sultani walilala, na ndege akala tende zote. Yeye alitafuna bisi pamoja na changarawe ili usingizi usimshike, akamkamata ndege. Wavulana wangu, nawaambia nyinyi hasa: mnatukimbia jikoni mkidhani ni mahali pa wanawake na watoto. Hadithi zetu zinasema shujaa alitoka huko. Kaeni hapo, kuneni nazi, chocheeni moto, sikilizeni. Kijana anayejua kazi iliyomo katika sahani ya ugali haitupi sahani ya mwingine.

Sasa nizungumze jambo la muhogo, na hapa msinichukulie kuwa nasimulia ngano. Mwaka 1981, katika ukame mkali, watu zaidi ya 1,000 katika wilaya ya Memba na maeneo ya jirani, mkoa wa Nampula, hapo kusini mwetu, walipooza miguu ghafla. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Madaktari walipochunguza walikuta chanzo ni muhogo mchungu. Ukame huzidisha sumu katika mzizi, na njaa ilikuwa imewafanya watu wafupishe siku za kuuanika. Mwili uliokosa samaki na kunde haukuweza kuishinda sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vita vilipowabana watu wasiweze kupata chakula kingine, ugonjwa ulirudi katika mkoa huohuo. Miguu ikishapooza kwa namna hiyo hainyooki tena.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua kumenya, kuanika, kuvundika na kutwanga, kama tunavyojua sisi. Kilichowashinda ni haraka ya njaa. Nanyi mmerudi kwenye mashamba yaliyolala, mnapanda muhogo kwa sababu ndio unaovumilia, na miezi ya masika kabla ya mavuno ghala huwa tupu. Hapo ndipo mtakapojaribiwa kuuondoa muhogo juani kabla ya siku zake. Mtoto aliyezoea kungoja ngano ifike mwisho ndipo ale, huku harufu ya tui ikimpiga puani, amekwisha fundishwa kungoja kabla hajaijua sumu. Naamini hii ndiyo kazi kubwa iliyofanywa na bibi zetu, nao hawakuitangaza. Waliifanya kila jioni, kisa kwa kisa. Kwa hiyo mkinunua makopa au unga sokoni, ulizeni muhogo wake umeanikwa siku ngapi. Mkitwanga wenyewe, wafundisheni wadogo papo hapo kinuni, kwa mdomo na kwa mkono pamoja. Na kila mlo wa muhogo utafutieni mwenzake: dagaa, kunde, mbaazi, chochote kilichopatikana.

Mnajua pia kisa cha fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama kutoka pande mbili. Akataka zote, mguu huu ukaenda huku na huu kule, mpaka akapasuka. Harufu za siku hizi ni kali. Yakuti za Montepuez ziligunduliwa mwaka 2009, gesi ya bahari ya Palma ikagunduliwa mwaka 2010, na vijana wetu wengi waliziacha nyavu na majembe wakafuata. Kisha Palma ikashambuliwa Machi 2021, mradi wa gesi ukasimama, na aliyekuwa ameuza shamba hakuwa na pa kurudi. Sisemi msiende kutafuta. Babu zenu walisafiri mpaka Kilwa na Unguja. Nasema chagueni njia mkiwa na akili timamu, na mkienda, shamba la mama lisiuzwe. Fisi hakufa kwa njaa, alifia penye nyama tele, kwa kuwa hakukubali kuacha hata kipande.

Nimalize kwa yale ninayotaka myafanye. Jioni ya leo, chungu kikitelekwa, simu zikae kando, mmoja aseme "Paukwa!" Msingoje nyumba ikamilike wala umeme utulie. Jiko la mafiga matatu chini ya turubai linatosha, na wapo walioyafanya hayo kambini. Mkitaka hadithi kwa mzee, msimwombe hadithi, maana atawaambia amesahau. Muulizeni chakula: bibi, mwaka ule wa njaa mlikula nini, na mlikipikaje? Akianza kueleza mapishi, ngano itatoka nayo. Zirekodini sauti za wazee katika simu hizohizo, kwa Kimwani, kwa Kimakonde, kwa Kimakua, kama zilivyotamkwa, pamoja na mapishi yao, kwa kuwa vita vimewachukua wazee wengi na waliobaki si wa milele. Ndoa zikichanganya makabila, na zimechanganya sana siku hizi, watoto wapewe ngano za pande zote mbili na vyakula vya pande zote mbili, wasije wakaambiwa na mtu kwamba nusu yao ni adui.

Na msilainishe mwisho wa ngano kwa kuwahurumia watoto. Hamdani lazima arudi jaani. Watoto wetu wameona mambo mazito kuliko hayo, na wanastahili kusikia kwamba dhuluma ina mwisho wake na wema una hesabu yake. Kisha pakueni, na atangulie kupewa mgeni.

Mwenyezi Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape bahari iliyotulia na mashamba yasiyo na hofu. Awakutanishe na waliopotea, awarehemu waliotangulia, na awajaalie wana watakaokaa nanyi jikoni kuwasikiliza. Amina.