Kumjibu Mwenye Wasiwasi: Je, Ni Huruma?

 

Alinijia mume mmoja baada ya sala ya alasiri, akangoja hata watu walipotawanyika, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, mke wangu hutawadha kwa muda wa saa nzima. Akimaliza huniita nishuhudie kwamba kisigino kimepata maji. Nikisema kimepata, huuliza tena. Nikinyamaza, hulia. Nimemjibu kwa miaka mitatu, na kila mwaka maswali yazidi. Je, nina thawabu kwa subira hii, au nina dhambi?"

Ndugu msomaji, suali hili si la nyumba moja. Wako waume wanaoulizwa na wake zao, na wako wake wanaoulizwa na waume zao, na wengi hulificha jambo hili kana kwamba ni aibu. Nasi twataka kulitazama kwa nuru ya dini na ya elimu.

Kwanza yapasa tujue ni wasiwasi gani tunaoukusudia. Si ule wa mtu anayefikiri atapata wapi karo ya watoto. Huu ni fikra inayomvamia mtu bila ya hiari yake, naye aichukia, kisha humsukuma atende jambo ili apate utulivu: aoshe, ahesabu, arudie takbira, aufunge mlango na kuufungua. Utulivu huo hukaa kitambo kidogo tu, kisha fikra hurudi na nguvu zaidi. Madaktari wa leo wauhesabu kuwa ni maradhi, na wakadiria kwamba katika kila watu mia, mmoja hadi watatu hupatwa nayo katika umri wao. Hayachagui dini. Mcha Mungu humshika katika tohara na sala yake; mwengine humshika katika kufuli na jiko.

Basi ni dhulma kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu. Masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya fikra walizoziona kubwa mno kuzitamka, naye akawajulisha kwamba kule kuzichukia kwao ni dalili ya imani iliyo wazi.

Wala maradhi haya si mageni kwa wanazuoni wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akautaja wasiwasi miongoni mwa maradhi makuu ya nafsi, pamoja na ghadhabu, huzuni na khofu. Ibn Qudama, aliyekufa mwaka 620 (1223), alitunga risala nzima ya kuwaonya wenye wasiwasi katika tohara na sala. Na mafaqihi wameweka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa chuoni aijua: yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku kuwa udhu wake umetenguka, yu katika udhu wake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitosheka kwa udhu na kibaba kimoja cha maji, yaani mudi moja, basi ni nani anayetaka kuwa msafi kumshinda?

Na tiba ya wasiwasi, kwa wanazuoni wengi, ni kuupuuza. Mwenye wasiwasi asiutii, hata nafsi ikipiga kelele.

Sasa tazama jinsi elimu ya tiba ilivyofika mlango ule ule kwa njia nyengine. Mwaka 1966, huko London, Victor Meyer alichapisha khabari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa kuwaweka mbele ya kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kutenda tendo lao la kujituliza. Kutokana na kazi hiyo na ya wengine baada yake, imekuwa tiba inayojulikana ulimwenguni. Mgonjwa hupandishwa daraja kwa daraja, kwa ridhaa yake: leo huosha kila kiungo mara tatu, hufunga bomba, kisha huketi na khofu yake. Khofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe. Akizoea hayo hujifunza kwa nafsi yake kwamba aweza kuishi na shaka bila ya kuosha tena. Pamoja na hiyo, ziko dawa kama fluoxetine zinazopunguza nguvu ya fikra hizo. Huenda zikachukua wiki nyingi, hata kumi na mbili, kabla ya faida yake kuonekana sawasawa. Kwa hivyo asiziache mtu katika wiki ya pili akasema hazifai, wala asizikate ghafla bila ya shauri la daktari.

Hapa twarudi kwa yule mume. Kila alipojibu "Kimepata", alikuwa akimwosha mkewe kisigino kwa ulimi wake. Jibu lake lilikuwa ni tendo jengine la kujituliza, nalo lilimfunza mkewe kwamba hawezi kusimama bila ya shahidi. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Iko huruma inayoondoa uchungu wa saa moja, na iko huruma inayoondoa ugonjwa. Na mara nyingi ya kwanza huiua ya pili. Tena tujihesabu kwa ukweli: je, sikuzote twamjibu mgonjwa kwa ajili yake, au twajinunulia kimya chetu?

Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Mwanamke huyo alikuwa akituma maswali yake kwangu pia, nami nikimpa fatwa juu ya fatwa, nikidhani nafundisha dini. Fatwa ya kwanza ilikuwa elimu. Ya ishirini juu ya suali lile lile ilikuwa kuni katika moto. Sheikh aliyekwisha jibu mara moja kwa uwazi, wajibu wake baada ya hapo ni kumwambia mgonjwa kwa upole: "Umekwisha jibiwa, usiulize tena, na dhima yake iwe juu yangu."

Huenda mtu akasema: kumnyima jibu mke anayelia, si ukatili? Twajibu: ni ukatili akinyimwa ghafla, kwa hasira au kwa dhihaka, au mbele za watu. Lakini mume na mke wakikaa pamoja katika saa ya utulivu, wakaafikiana, na bora zaidi mbele ya daktari, kwamba mume hatajibu bali atakaa karibu naye mpaka khofu ishuke, basi huko kunyamaza ni ahadi baina yao. Machozi yatakuwapo, naye mume atayastahimili pamoja naye. Hii ndiyo subira yenye thawabu, nayo ni nzito kuliko ile ya kujibu.

Na tuwaonye ndugu zetu juu ya mambo mawili. La kwanza, kumpeleka mgonjwa huyu kwa mganga apungwe pepo, avalishwe hirizi, ilhali wakisikia neno daktari wa akili hudhani atapelekwa kufungiwa Mathari. Wengi wa wagonjwa hawa hutibiwa wakilala majumbani mwao, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tutafute dawa. Dua na dhikri zina mahali pake, nazo hazikatazi hospitali. La pili ni talaka. Wako waume ambao wasiwasi wenyewe huwajia katika talaka, wakashuku kila siku kwamba wameitamka. Imam Bukhari amenakili katika Sahihi yake kutoka kwa sahaba Uqba bin Amir kwamba talaka ya mwenye wasiwasi haipiti. Basi asiivunje mtu nyumba yake kwa shaka.

Yule mume nilimwambia: ulichofanya kwa kutojua, tuna matumaini Mola atakusamehe na kukulipa kwa nia yako. Lakini tangu leo umejua. Mshike mkono mke wako, mwende kwa daktari pamoja, na akikuuliza jioni juu ya kisigino, kaa naye wala usijibu.

Wallahu aalam.