Nyoka Aliyegoma Kula

Kwetu Tanga, nyoka akionekana chooni huitwa vijana waje na fimbo. Hapa Columbus, Ohio, mjukuu wangu amemnunulia nyoka nyumba ya kioo yenye kupashwa joto kwa umeme, na mimi, mwalimu wa madrasa niliyestaafu, nimemaliza wiki tatu nikimbembeleza ale.

Ni mtoto wa aina ambayo Wamarekani huiita nyoka wa mahindi. Hana sumu, mwembamba kama penseli, rangi ya chungwa. Tangu ajivue gamba la kwanza hajatia kitu kinywani. Chakula chake ni vichanga vya panya, vyekundu, macho hayajafumbuka, vimegandishwa. Vinakaa kwenye friza jirani na sambusa zangu. (Sambusa nimezifunga mifuko mitatu.)

“Bibi, si ulisema kila kiumbe ana riziki yake?”

Nilisema. Riziki hiyo tumeipasha kwenye maji ya moto, tumemwekea mbele ya pua, naye anaizunguka kama jiwe. Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Nilidhani methali ile ni ya wanadamu tu.

Lakini aliyeninyima usingizi ni yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie vijidudu vya ardhini. Miaka thelathini nimewafundisha watoto hadithi hiyo kama somo la kulisha wanyama. Sisi tunalisha; anayekataa ni yeye. Je, tumeshavuka? Naona bado. Mnyama aliye huru akishinda njaa, hayo ni baina yake na Mola wake. Ukishafunga kifuniko, umejitia katikati. Njia yake ya kujitafutia umeiziba wewe, na chakula asichokitambua hakimfai yeye; kinakufaa wewe, upate kusema ulijaribu. Kumwachia nje nako si jibu: alianguliwa sandukuni, na baridi ya Ohio si ya kwao.

Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, na huko watoto wa nyoka hawa hula zaidi mijusi na vyura wadogo. Panya huja baadaye, mwili ukishakua. Nyoka huonja hewa kwa ulimi, akaurudisha kwenye vitundu viwili vya kaakaa, na hapo ndipo huamua. Wetu alikuwa akisubiri mjusi. Tulijaribu usiku, taa zimezimwa. Tulimfungia na panya ndani ya kopo dogo lenye matundu. Tulimwosha panya. Mjukuu alimpasua kichwa kidogo ili harufu ya ubongo itoke. Mimi nikaenda barazani. Kumlisha kwa nguvu nilikataa katakata. Kiumbe wa gramu saba hapanuliwi kinywa na mtu mwenye haraka.

Hatimaye jirani anayefuga mijusi akatupatia kipande cha gamba walilojivua. Tukamsugulia panya. Asubuhi mle koponi alikuwamo nyoka peke yake, na uvimbe tumboni.

“Amekula, Bibi!”

Alhamdulillahi, nikasema. Baadaye nilipofungua friza kutoa sambusa nikawaona waliobaki, tisa. Hao nao walizaliwa sandukuni, wakafa hata macho hawajafumbua, wala hakuna aliyekesha akiwawazia riziki yao. Nikageuka nimwambie mjukuu. Alikuwa ameinama kwenye nyumba ya kioo, akibonyeza vibano vya kifuniko kimoja kimoja, kuhakikisha vimeshika.