Shahidi wa Mguu wa Jirani



Katika miaka yangu ya kufundisha niliwaonya watoto mara nyingi wasiseme uongo, wala sikuona kwamba somo hilo ni gumu. Miaka michache iliyopita jirani yangu alinionyesha ugumu wake. Nimeona vema niwaletee jambo hili, maana katika mitaa yetu ya Bukoba na Muleba wazee wa namna yake wangalipo.

Mwaka 1978 mkoa wetu ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakashika ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mimi nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Jirani yangu, aliyenizidi umri kidogo, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, tena beki wa timu ya kijiji. Aliitwa pamoja na wanamgambo wengine, maelfu kwa maelfu, kuliongezea nguvu Jeshi la Wananchi. Sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa ya miguu: Mutukula hadi Masaka, na Masaka hadi Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Usiku mmoja, kabla ya kufika Masaka, alitumbukia handakini akiwa na sanduku la risasi begani. Kifundo cha mguu wa kulia kiligeuka. Mwenzake alimfunga kitambaa, akamkatia fimbo, wakaendelea. Hakulazwa hospitali hata siku moja, kwa hiyo hakuna daktari aliyeandika jina lake. Na mwenzake yule amekwisha fariki.

Kifundo kilichovunjika kikaunga vibaya hakimalizi habari yake siku uvimbe unapopungua. Gegedu inayotenganisha mifupa huliwa polepole, mifupa ikaanza kusuguana, na mtu aliyeitupa fimbo akiwa kijana huitafuta tena akiwa mzee. Katika vilima vyetu, mwenye mguu wa namna hiyo hawezi kupanda njia na mkungu wa ndizi kichwani. Kibanja chake huota magugu huku yeye akikitazama kutoka mlangoni.

Basi alidai fidia. Akajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu ya kuumia kwake. Hapo ndipo alipokuja kwangu na karatasi.

“Mwalimu waitu,” akasema, “wanataka shahidi aliyeniona nikiumia. Wewe watakuamini. Andika kwamba ulikuwapo.”

“Kaka,” nikamjibu, “mimi nilikuwa chuoni.”

“Najua. Lakini mguu wenyewe si wa uongo.”

Sikupata jibu usiku ule, wala usiku wa pili. Nilijiambia: neno moja tu, ambalo halimdhuru mtu, litampa mzee haki yake. Je, Amri ya Tisa haikatazi kumshuhudia jirani uongo ili kumdhuru? Na hapa ni kumfaa. Lakini nikawaza upande wa pili. Barua ya uongo ikigunduliwa, mguu wa kweli nao utahesabiwa kuwa wa uongo. Na anayekuja baadaye na madai ya haki atatazamwa kwa jicho baya kwa sababu yangu. Tena ningemnyang'anya mzee habari yake mwenyewe, nikaweka yangu mahali pake.

Niliandika nilichokiona. Mwaka 1978 nilimwona akicheza mpira kwa miguu yote miwili. Mwaka 1979 nilimwona akishuka katika lori la waliorudi, akiegemea fimbo, mguu umevimba, na tangu siku ile hakucheza tena. Rufani yake ikakataliwa: shahidi hakuliona tukio. Jirani yangu hakunilaumu kwa kinywa, lakini kwa miezi kadhaa hakupita kwangu kunywa kahawa.

Je, nilitenda haki? Naamini sikukosea kukataa. Lakini nilipochunguza moyo wangu niliona kosa kubwa zaidi, nalo ni la zamani. Mwaka 1979 nilimwona akishuka katika lori lile. Nilijua kusoma na kuandika, wenzake walikuwa hai, na kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika kitu. Nilijivunia baadaye kwamba sikusema uongo, kumbe kweli niliyoijua nilikuwa nimeiacha ikae miaka arobaini bila kazi.

Hata hivyo lawama si ya jirani peke yake. Kanuni inayomtaka maskini alete karatasi ambayo vita haikuiandika humsukuma aitafute kwa njia ya uongo. Huko Marekani sheria inasema kwamba askari aliyepigana akieleza jinsi alivyoumia, na maelezo yake yakapatana na hali ya vita aliyokuwamo, yakubaliwe ingawa hakuna kumbukumbu, isipokuwa pawe na ushahidi ulio wazi wa kuyapinga. Tena ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, shaka humfaa mdai. Hata huko wengi hukataliwa na kukata rufani. Lakini angalau imeamuliwa ni nani abebe mzigo wa shaka.

Mkumbukeni Mefiboshethi. Hakuchomwa mkuki. Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Habari za vita zilipofika yaya wake alikimbia naye, akaanguka, akalemaa. Daudi alimtafuta, akamrudishia mashamba ya Sauli. Baadaye Siba alimsingizia, na mfalme akampa Siba mashamba yote bila kumsikiliza mlemavu. Mefiboshethi alipofika kujitetea, miguu yake ilikuwa haijatunzwa tangu mfalme alipoondoka. Ushahidi wake ulikuwa huo. Daudi, kwa kuwa alikwisha tamka, aliwagawia nusu kwa nusu. Hata mfalme mwema huona taabu kurudisha neno lililotoka kinywani mwake.

Pale Kaboya, wilayani Muleba, wamelala mashujaa wetu, na mwaka 2014 Siku ya Mashujaa ya taifa iliadhimishwa huko. Ni vema. Waliolala pale hawaulizwi karatasi. Walio hai wanaulizwa, na wanaowajua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa kila mtaa wachukue daftari, wawaendee wazee. Waandike: ulikuwa wapi, lini, pamoja na nani, na jirani aandike alichokiona yeye, si zaidi wala si pungufu. Mzee apimwe na daktari, naye aeleze kwa maandishi hali ya kiungo ilivyo leo. Nakala zitunzwe. Dai likikataliwa, sababu iombwe kwa maandishi, na rufani ipelekwe kabla ya muda kwisha.

Mimi na jirani yangu tumeanza. Tumewapata wazee wawili waliokuwa katika lori lile, nao wameandika. Jibu halijaja bado. Lakini jioni hupita kwangu tena, polepole, na fimbo yake, tukanywa kahawa.