Hesabu Iliyofutwa



Mwezi wa Oktoba unapoelekea kwisha, mambo mawili hutufikia kwa pamoja. La kwanza ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, tarehe 31, ambayo sisi Walutheri twaiadhimisha kila mwaka. La pili si jambo la kanisa, walakini limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Wakristo: ni kuanza kwa msimu mpya wa mpira wa kikapu huko Marekani. Mwaka wa 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote, akaitwa na timu ya Memphis. Na vijana wetu walioufuata mchezo huo tangu siku zile si haba. Mwezi wa Oktoba, mchezo unaoanza saa moja ya jioni katika mji wa Detroit, kwetu huanza saa nane ya usiku. Nao huamka gizani, wakatazama hata karibu na alfajiri.

Wazee huuliza, “Faida yake nini?” Nasi tuliuliza vivyo hivyo. Lakini tukakumbuka ya kuwa Mtume Paulo hakuona haya kuwafundisha Wakorintho kwa mfano wa wapiga mbio na wapigana ngumi, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 9. Naye Bwana wetu alifundisha kwa habari za mpanzi, na mvuvi, na mwanamke aliyepotewa na shilingi. Basi na tuutazame mchezo huu kidogo, tuone kama una neno kwa ajili yetu.

Asili yake haiko mbali na watu wa Mungu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1891, katika mji wa Springfield, James Naismith, aliyekuwa amesoma elimu ya dini, alikuwa akifundisha katika chuo cha Chama cha Vijana Wakristo. Wakati wa baridi vijana hawakuweza kucheza nje, wakawa wakaidi ndani ya nyumba. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akawapa mpira. Kila mpira ulipoingia kikapuni ilikuwa hapana budi mtu apande kuutoa. Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza.

Siku hizi timu za mashindano makubwa ya Marekani ni 30, na kila moja hucheza michezo 82, tangu Oktoba hata Aprili. Kila ushindi huandikwa, na kila kushindwa huandikwa, hata watu wote waweze kusoma nani yuko juu na nani yuko chini. Lakini Oktoba ikifika hesabu yote ya mwaka uliopita hufutwa. Aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa mwisho husimama pamoja, kila mmoja na sifuri ya kushinda na sifuri ya kushindwa. Ndiyo maana mashabiki wanaupenda mwezi huo. Hata watu wa timu iliyo dhaifu kuliko zote huvaa nguo za rangi yake, wakaenda uwanjani kwa furaha, wakisema, “Mwaka huu labda.”

Tutazame timu moja tu, ile ya Detroit, mji uliojulikana kwa kuunda motokaa. Watu wake walikwisha kuonja utukufu, kwa maana timu yao ilitwaa ubingwa mwaka wa 1989, na wa 1990, na tena wa 2004. Lakini msimu ulioanza Oktoba 2023 ulikuwa wa machozi. Katika michezo mitatu ya kwanza walishinda miwili, na watu wakaanza kutumaini. Kisha wakashindwa mara 28 mfululizo. Hakuna timu ya mashindano hayo iliyopata kushindwa hivyo katika msimu mmoja. Mashabiki walipaza sauti wakimtaka mwenye timu aiuze. Tarehe 30 Desemba ndipo walipoishinda Toronto, 129 kwa 127, na watu wakashangilia kana kwamba wametwaa kombe. Msimu ulipokwisha walikuwa wameshinda 14, wameshindwa 68.

Mashindano hayo yana sheria ya kumhurumia aliye dhaifu: timu zilizoshindwa sana hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua kwanza miongoni mwa vijana wapya. Lakini huruma hiyo ni ya kura. Mwaka wa 2024 Detroit waliokuwa wa mwisho kabisa walipigiwa kura, wakaangukia nafasi ya tano.

Oktoba 2024 ikaja. Hesabu ikafutwa, na watu wa Detroit wakarudi uwanjani. Michezo minne ya kwanza wakashindwa yote. Tungaliweza kufikiri ya kuwa mambo ni yale yale. Walakini hawakuzama. Msimu ulipokwisha walikuwa wameshinda 44, yaani zaidi ya mara tatu ya mwaka uliotangulia, wakaingia katika michezo ya mtoano. Huko wakapata ushindi wao wa kwanza wa namna hiyo tangu mwaka wa 2008, ijapokuwa New York waliwatoa baadaye.

Ndugu zetu, jambo hili latupendeza, kwa sababu moyo wa mwanadamu watamani hesabu yake ifutwe. Nani kati yetu asiye na mwaka wake wa 14 na 68? Nani asiye na kitabu ambacho angefurahi kama kingefungwa, kisisomwe tena? Mtunga Maombolezo, aliyekaa katikati ya magofu ya Yerusalemu, alishuhudia katika mlango wake wa tatu ya kuwa rehema za Mungu ni mpya kila asubuhi. Hakusema kila Oktoba. Naye Dakta Martin Luther, katika neno la kwanza la yale 95 aliyoyatoa tarehe 31 Oktoba 1517, alifundisha ya kuwa maisha yote ya Mkristo ni toba. Tena katika Katekisimo Ndogo ya mwaka wa 1529 atukumbusha ya kuwa ubatizo wetu si jambo la siku moja, bali mtu wa kale hana budi kufishwa ndani yetu kila siku, na mtu mpya ainuke. Basi yale ambayo mashabiki huyangojea mwaka mzima, sisi twapewa kila kukipambazuka.

Lakini tuangalie sana, tusipotee katika mfano huu. Mwanzo mpya wa mchezo si Injili. Timu inafutiwa hesabu yake, kisha yarudishwa chini ya sheria ile ile: michezo 82, na kila kosa litaandikwa. Wakristo wengi hudhani Mungu hutusamehe kwa namna hiyo, yaani, atufutia ya zamani, kisha atuambia, “Haya, anza tena, na safari hii ujitahidi.” Kama ndivyo, ole wetu! Kwa maana sisi tungeshindwa mchezo wa kwanza kabla ya kutoka katika uwanja wa kanisa. Katika waraka kwa Wakolosai, mlango wa pili, Mtume atufundisha ya kuwa hati ya deni letu imeondolewa, ikapigiliwa misumari msalabani. Hati iliyopigiliwa pale haisomwi tena. Na mahali pake hatukupewa karatasi tupu ya kujaza kwa matendo yetu, bali tumehesabiwa ushindi wa mwingine.

Na hapa shabiki anaweza kutufundisha. Msikilizeni asubuhi timu yake ikiwa imeshinda. Hasemi, “Wameshinda.” Husema, “Tumeshinda!” Hakugusa mpira, alikuwa amekaa kitini na kikombe cha chai. Watu humcheka. Lakini imani nayo husema vivyo hivyo. Sisi hatukuuchukua msalaba wa Golgotha, wala hatukulivingirisha jiwe la kaburi, lakini siku ya Pasaka twasema, “Tumeshinda.” Tofauti ni hii: wachezaji wa Detroit hawamjui shabiki aliyekesha huku kwetu kwa ajili yao. Bali Bwana alituita kila mtu kwa jina lake katika ubatizo, akatufanya viungo vya mwili wake. Neno letu la “sisi” si la kujipachika. Ni yeye aliyelisema kwanza.

Sasa twataka kusema habari ya aibu yetu wenyewe, kwa maana twaona ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Katika usharika mmoja tulioutumikia palikuwa na mwimbishaji mwenye sauti njema. Akaanguka katika ulevi, akatengwa na Meza ya Bwana. Baada ya mwaka na zaidi alirudi. Alisimama mbele ya watu wote, akaungama pasipo kujitetea, akatangaziwa maondoleo ya dhambi, nasi tukaitika Amina pamoja na usharika. Miezi minane ikapita, naye hakunywa. Ndipo wazee walipokutana kumtafuta mtu wa kuwafundisha vijana kuimba. Mmoja akalitaja jina lake. Mwingine akasema neno moja tu, “Mwakumbuka.” Hakuna aliyejibu. Sisi tulikuwa tumeketi kwenye meza ile, tena neno letu lingalisikiwa. Tukainama juu ya karatasi yetu kana kwamba twaandika. Jina lile likapita. Dirisha lilikuwa wazi, naye alikuwa nje akifagia majani ya uwanja kwa hiari yake.

Tangu siku ile aliketi katika benchi la mwisho, na baada ya muda hakuonekana tena. Yeye hakuurudia ulevi wake. Sisi ndio tulioirudia hesabu.

Mtasema, “Je, si busara kukumbuka?” Naam, busara ipo. Mtu aliyeanguka kwa pombe hatumtumi kuuza pombe, wala aliyeiba hatumlazimishi kushika ufunguo wa sanduku la sadaka. Kumlinda ndugu asijaribiwe ni upendo. Lakini kuimba hakukuwa kishawishi cha mtu yule. Hatukumlinda, tulimwadhibu mara ya pili kwa kosa ambalo Mungu alikwisha kulifuta. Nasi tulifanana na mtumwa yule wa Injili ya Mathayo, mlango wa 18, aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje na kumkaba mwenziwe koo kwa ajili ya dinari mia. Tena twakumbuka yule ndugu mkubwa wa Luka 15, ambaye hakuweza kusema “ndugu yangu,” bali alisema juu yake kama juu ya mgeni.

Watu wa Detroit walikasirika, wakapiga kelele, na wengine wakaacha kwenda uwanjani. Lakini katika usiku wa kushindwa mara ya 28, waliobaki bado walisema, “Tumeshindwa.” Hawakuweza kusema neno jingine, kwa kuwa timu ilikuwa yao. Je, ndugu akianguka katika usharika wetu, sisi twasemaje? Je, twasema, “Yule ameanguka,” au twasema, “Tumeanguka, Bwana uturehemu”? Kwa neno hilo dogo usharika utajijua kama ni mwili wa Kristo au ni kundi la watazamaji tu.

Walimu wapendwa, ninyi mwashika daftari za mafundisho na za ushirika. Baada ya wiki chache itafika Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo ndiyo mwanzo wa mwaka wa Kanisa. Twawasihi mambo matatu kabla ya siku hiyo. Mtafuteni mtu mmoja aliyerudi kwa toba, lakini bado aketi nyuma. Mwendeeni nyumbani kwake, msimngoje aje. Kama yupo kijana aliyeshindwa mwaka jana katika mafundisho ya Kipaimara, mpokeeni katika darasa jipya kama wenziwe, wala msiwaambie wengine habari zake. Na katika vikao vya wazee, mtu akilifufua kosa lililoondolewa, asiwepo mmoja wenu wa kuinama juu ya karatasi yake, kama tulivyofanya sisi.

Nanyi vijana, mtakapoamka saa nane ya usiku kuitazama timu yenu, hatuwakatazi, mradi kazi na shule zisiharibike, wala asubuhi ya Jumapili isiibiwe. Lakini mkiona ubao una sifuri kwa sifuri, kumbukeni ya kuwa ninyi mnalo jambo lililo bora zaidi. Ubao ule utaandikwa tena kabla ya saa moja kwisha, bali hati yenu imekwisha kupigiliwa msalabani.

Sisi nasi tumeazimu kwenda kumtafuta mwimbishaji yule. Tuombeeni tumpate, na tukimpata, atusamehe. Amina.